Ukweli wa Mkimbizi Baada ya Kupewa Amani

Suala lililoletwa mbele ya darasa letu, nalo tumeliona lastahiki kujibiwa kwa maandishi ili lifae wengi, ni hili: Mtu amekimbia nchi yake akafika ng'ambo, akasimama mbele ya afisa wa uhamiaji, akaeleza habari zake, nyingine za kweli na nyingine za kubuni, kisha akapewa hifadhi. Je, baada ya kupewa, ni juu yake kusema kweli kwa wale waliompa? Au yaliyopita yamepita, na lililobaki ni kuilinda karatasi yake kwa kila hila?

Suala hili si la kupitishia wakati. Ni wachache katika miji yetu ya pwani wasiokuwa na jamaa au jirani aliyeko Uingereza, Marekani au kwingineko, na miongoni mwao wamo walioingia kwa mlango wa ukimbizi. Twajua pia kwamba jambo hili likizungumzwa barazani hupatiwa majibu mawili ya haraka. Wa kwanza husema: "Wazungu walikuja kwetu bila ya ruhusa ya mtu, wakachukua walichokitaka. Kuwadanganya watu hao ni kulipiza tu." Wa pili husema: "Mwongo ni mwongo. Aliyeingia kwa uongo na arudishwe alikotoka, hata kama ni kinywani mwa simba." Sisi twaona kila jibu katika haya mawili lina chembe ya haki iliyochanganyika na dhulma nyingi, na ni wajibu wetu kuzitenga.

Kwanza tujue hifadhi ni kitu gani. Mkataba wa Geneva wa tarehe 28 Julai 1951, ambao hapo mwanzo ulihusu matukio ya kabla ya mwaka huo, kisha ukapanuliwa kwa Itifaki ya 1967, unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, taifa lake, kundi alilomo au rai yake ya siasa. Mtu wa namna hiyo hurushwa na mawimbi akiwa mikono mitupu. Aliyemtesa hakumpa cheti cha kumtesa. Jirani aliyeshuhudia yuko mbali au amekufa. Hati zake zimeungua pamoja na nyumba. Basi yule anayemhukumu huna la kumwonyesha ila ulimi wako. Katika mambo ya dunia ni machache ambayo neno la mtu mmoja hubeba uzito mkubwa kama huu, na kwa ajili hiyo neno hilo ni amana.

Waliouandika mkataba ule walijua kwamba mtu aliyeingiwa na hofu hawezi kufuata kila kanuni. Kifungu cha 31 chakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ya kuingia bila ruhusa, maadamu ametoka moja kwa moja katika hatari, amejitokeza bila kuchelewa na ameeleza sababu yake. Na kitabu cha mwongozo cha Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1979, chasema waziwazi kwamba maneno yasiyo ya kweli, peke yake, hayatoshi kumnyima mtu hifadhi. Ni juu ya mhoji ayapime pamoja na hali zote. Kwa hiyo huyu wa pili wa barazani, anayetaka kila aliyesema uongo atupwe, ni mkali kuliko sheria yenyewe.

Tena ni mkali kuliko fiqhi. Hapana mwanachuoni anayeuhesabu uongo kuwa kitu chepesi. Lakini Imamu Ghazali katika Ihya, na Imamu Nawawi katika Riyadhus-Salihin, wameeleza kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudio. Kusudio jema likiweza kufikiwa kwa kweli, uongo katika hilo ni haramu. Likiwa haliwezi kufikiwa ila kwa uongo, hukumu yake hufuata kusudio lenyewe. Hata mtu asiye na hatia akijificha kwa dhalimu anayetaka kumwua, yule anayeulizwa alipo ni wajibu wake kumficha. Basi mtu aliyekimbia chinjo, akasema mpakani jina lisilo lake kwa kuogopa kurudishwa kwa wauaji, hatuwezi kumweka safu moja na mlaghai wa sokoni.

Lakini wanavyuoni haohao wana kanuni nyingine ambayo wengi huisahau: dharura hupimwa kwa kadiri yake, wala haivuki mpaka wake. Mwenye njaa ya kufa huruhusiwa kula nyamafu ya kumtia nguvu. Haruhusiwi kufungua duka la nyamafu. Na hapa ndipo lilipo jibu la suala letu. Uongo wa hofu, ukipata udhuru, udhuru wake ni hofu. Siku mtu anapopewa hifadhi, akaambiwa hapana wa kumrudisha, akalala bila kusikiliza nyayo za mtu mlangoni, hofu ile imeondolewa na waliompa amani. Tangu siku hiyo uongo wake hauna tena mguu wa kusimamia. Kila fomu mpya anayoitia sahihi, kila kiapo cha uraia, kila barua ya kumwombea mtu mwingine, ni neno jipya lililosemwa na mtu aliye salama.

Tumrudie sasa yule wa kwanza, anayesema hakuna dhambi kuwadanganya wale. Hatutaki kubishana naye juu ya ukoloni. Dhulma zake zajulikana, nasi ni watu wa pwani, tumeziona za Mreno na za waliomfuata. Twamwuliza jambo moja tu: Je, dhulma ya babu yao inakupa wewe ruhusa ya kuvunja ahadi uliyoiomba mwenyewe? Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu, ameandika katika Al-Umm kwamba Waislamu wakiingia nchi ya adui kwa amani, basi adui naye yu katika amani nao mpaka watoke au muda wao uishe, wala si halali kwao kumdhulumu wala kumhini. Hayo ameyasema juu ya nchi iliyo vitani na Waislamu. Itakuwaje juu ya nchi iliyomfungulia mtu mlango alipokuwa anafukuzwa, ikamtibu na ikamsomeshea watoto?

Kiko kisa katika Sahihi Muslim ambacho laiti kingesomwa kwa kila msafiri. Hudhaifa bin Yaman na baba yake walikamatwa njiani na makafiri wa Kikureshi kabla ya vita vya Badri. Wakaulizwa kama wanamwendea Mtume, wakakana, wakasema waenda Madina tu. Wakaachiliwa kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wake. Walipomfikia Mtume (S.A.W.) wakamweleza, naye siku hizo alikuwa na watu wachache na kila mkono ulihitajika, juu ya hivyo akawaamuru waende zao, ahadi ile itimizwe, na msaada utatafutwa kwa Mwenyezi Mungu. Mzingatie hapo, ndugu msomaji, mambo mawili. Kwa lile neno walilolisema mikononi mwa adui, riwaya haikutaja kwamba walikemewa. Lakini ile ahadi iliyowapa uhuru, ijapokuwa walipewa na makafiri, tena katika hali ya kulazimishwa, waliambiwa waitimize. Neno la hofu lina hukumu yake, na ahadi iliyokuokoa ina hukumu yake.

Na wakimbizi wa kwanza katika Uislamu walikuwa akina nani? Ni wale waliovuka bahari kwenda Habasha mnamo mwaka 615, wakapewa amani na mfalme wa Kinasara, Najashi. Bibi Ummu Salama, aliyekuwa mmoja wao, ndiye aliyetusimulia. Makureshi waliwatuma Amri bin Al-Asi na mwenzake na zawadi ili warudishwe. Siku ya kwanza Jaafari bin Abi Talib alijieleza, na mfalme akakataa kuwatoa. Maana yake, hifadhi walikuwa nayo. Siku ya pili Amri akaja na hila nyingine: akamwambia mfalme awaulize wanasema nini juu ya Nabii Isa. Walipoitwa walishauriana, na waliijua hatari iliyokuwapo. Neno moja la kumridhisha mfalme lingetosha kuwalinda. Wakaazimia kusema yale waliyofundishwa, litakalokuwa na liwe. Jaafari akasema kweli, kwamba Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake. Mfalme akawaacha katika amani yao. Twajua kwamba si kila afisa ni Najashi, wala si kila kweli hulipwa papo hapo. Lakini wale hawakujua mfalme atajibu nini walipofungua vinywa vyao, na hapo ndipo ulipo ushujaa wao.

Baadhi ya watu husema: "Uongo wangu unamdhuru nani? Serikali ile ni tajiri." Jibu tunalo karibu, wala hatuhitaji kulitafuta mbali.

Vita vilipoenea Somalia baada ya kuanguka kwa serikali ya Siad Barre mwezi Januari 1991, ndugu zetu Wabajuni wa Kismayu na wa visiwa vya Chula na Koyama, pamoja na watu wa Barawa, walikimbia kwa majahazi wakatufikia Lamu na Mombasa. Baadaye wengine walikwenda Uingereza kuomba hifadhi. Nao Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka: Kiunga, Ndau na Faza ni Kenya, Chula na Koyama ni Somalia, nasaba moja na lugha moja. Alipotokea mtu wa upande wetu, asiyefukuzwa na mtu, akasema "mimi ni wa Koyama", hakumdanganya Mwingereza peke yake. Alimwekea kizuizi yule wa Koyama wa kweli. Wakuu wa huko wakaanza kuwatahini wadai kwa lugha na kwa maswali ya visiwa. Mwaka 2004 baraza lao la rufani la uhamiaji lilitoa hukumu ya mwongozo juu ya Wabajuni, na kujua Kibajuni kukawa miongoni mwa vipimo. Sasa mfikirie kijana aliyezaliwa Koyama, akaletwa Mombasa mtoto mchanga, akakulia kambini, Kibajuni chake kikachanganyika na Kimvita. Nani atamsadiki? Gharama ya uongo wa mwenzake ameilipa yeye.

Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilifanya vipimo vya nasaba, yaani DNA, hapa Nairobi, kwa wakimbizi kiasi cha 500, wengi wao Wasomali na Wahabeshi, waliokuwa wakiombewa na jamaa zao waliokwisha kupata makao huko. Kisha vipimo vikapelekwa katika nchi nyingine za Afrika, na jumla ya waliopimwa ikafika kiasi cha watu 3,000. Kesi ambazo nasaba zote zilizodaiwa zilithibitika hazikufika asilimia 20. Katika zilizobaki, ama nasaba moja au zaidi haikuwa kweli, ama watu walikataa kupimwa au hawakuhudhuria. Mpango ule ukasimamishwa mwaka huo, haukufunguliwa tena ila mwaka 2012. Twakiri kwamba katika wale waliokosa kuthibitika wamo waliolea yatima wa ndugu zao, na katika desturi yetu mtoto wa ndugu yako ni mwanao. Lakini fomu iliuliza aliyezaliwa nawe, na njia ya kweli ilikuwa ni kumtaja yatima kwa jina la yatima na kumwombea hivyo. Kwa miaka minne mama wa kweli na mwana wa kweli walikaa bahari mbili mbali, kwa sababu neno "mwanangu" lilikuwa limepoteza thamani yake.

Na la tatu li ndani ya nchi yetu. Katika miaka ya ukame, raia wa Kenya wengi wa Garissa na sehemu za jirani walijiandikisha katika makambi ya Dadaab, yaliyofunguliwa mwaka 1991, ili wapate posho ya chakula na matibabu. Waliandikwa wakimbizi hali ni wenyeji, na watoto wao wakaandikwa pamoja nao. Watoto hao walipotimia miaka kumi na minane wakaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zao zilitoka katika daftari la wakimbizi, wakanyimwa. Maelfu ya watu walikaa miaka katika nchi ya wazazi wao bila kuweza kuajiriwa rasmi wala kufungua hesabu ya benki. Hatuwalaumu sana wazazi wale, maana njaa ni dharura. Twataja kisa chao ili ijulikane kwamba neno la uongo likiisha kuandikwa humngojea mtu, na mara nyingi yule linayemkuta si yule aliyelisema.

Tumefika sasa penye ugumu. Mtu atatuuliza: "Mwanitaka niende kwa wakuu nikajitoe? Nina mke na watoto. Pengine nitarudishwa." Suala hili ni la haki, na mwenye kulijibu kwa neno moja hamjali mwulizaji. Twaona watu wa hali hii ni namna tatu.

Wa kwanza ni yule ambaye hofu yake ilikuwa ya kweli, ila alipamba: alibadili jina, au njia aliyopitia, au aliongeza kisa kwa kushauriwa na dalali. Huyu shina lake ni zima, matawi ndiyo mabovu. Na amwendee wakili mwaminifu, asahihishe kabla hajaulizwa. Sheria za nchi nyingi hutofautisha shina na tawi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihukumu kesi ya mwanamke Mserbia wa Bosnia, aliyesema mumewe alikwepa jeshi, kumbe alikuwa afisa katika brigedi iliyoshiriki mauaji ya Waislamu wa Srebrenica ya mwaka 1995. Hata katika kesi nzito kama hiyo mahakama ilisema kwamba, ili mtu ahukumiwe kwa kosa hilo na avuliwe uraia, ni lazima uongo wake uwe ulikuwa na athari katika kuupata uraia wenyewe, na kesi ikarudishwa chini ipimwe kwa kipimo hicho. Wako wanaoficha jina la kijiji, na wako wanaoficha damu. Sheria inajua si sawa, nasi tujue.

Wa pili ni yule ambaye hakuwa na hofu yoyote. Alichukua nafasi iliyowekewa mtu mwingine. Toba ya haki ya mtu haitimii kwa istighfari ya ulimi; hutaka kuacha, kujuta na kurudisha. Kwa uchache asijenge ghorofa juu ya msingi huo: asiapie uraia kwa jina hilo, asilete wengine kwa kisa hicho, na atafute kwa mashauri ya wanaojua sheria njia ya halali ya kukaa au ya kurudi. Hili ni gumu, nasi hatulifichi ugumu wake. Katika Uingereza, sheria ya uraia ya mwaka 1981 yaruhusu kumvua mtu uraia alioupata kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo lenye uzito, hata baada ya miaka mingi. Basi anayechelewa hanunui usalama, ananunua hofu.

Wa tatu ni yule ambaye hofu yake imekwisha. Aliogopa kweli, kisha nchi ikatulia. Sasa ana hati ya ukimbizi mfukoni, na kila mwaka huenda kwao kwa harusi kwa njia za kificho. Mkataba wa 1951 wasema kwamba mtu akijirudisha kwa hiari yake katika ulinzi wa nchi yake, au akarudi kukaa huko, ukimbizi wake wakoma. Huyu na aseme, na aombe makao kwa sababu aliyonayo leo: kazi yake, watoto wake, miaka yake. Asiitumie hofu ya kale kama nguo ya kuazima.

Na yule aliye bado katika hatari ya kweli hatumwambii ajikabidhi kwa mwuaji wake. Wala hatumwambii mtu yeyote atangaze makosa yake sokoni. Mungu ni mwenye kusitiri na apenda sitara. Kunyamaza pasipoulizwa ni jambo moja, na kuulizwa ukatia sahihi kinyume cha unachokijua ni jambo jingine. La pili ni ushahidi wa uongo, na twajua limewekwa katika madhambi makubwa.

Haki hii ina upande wa pili, nasi hatutauacha. Wakuu wanaompokea mkimbizi nao wameshika amana. Mhoji anayehesabu kila kigugumizi kuwa ni uongo, au anayemwadhibu anayesahihisha kuliko anayeficha, huwafundisha watu kuficha. Mlango wa kusahihisha ukiwekwa wazi, wengi watapita.

Lakini wa mwisho wa kuonywa ni sisi tuliobaki hapa. Nani amwambiaye kijana, "usiwe mjinga, sema umetoka Kismayu"? Nani amwandikiaye dada yake, "mtie na huyu, sema ni mwanao"? Nani akaaye barazani akimsifu fulani kwa ujanja wake, na kumcheka fulani aliyesema kweli akanyimwa? Wanaosafiri wamechukua mizigo tuliyowafungia sisi. Ikiwa twataka wawe wakweli mbele ya wageni, tuache kuwafundisha uongo wakiwa nyumbani, na tumheshimu aliyerudi mikono mitupu na neno lake likiwa safi.

Jibu letu, basi, ni kwamba hifadhi ni ahadi baina ya pande mbili, na aliyeipokea amefungwa nayo sawasawa na aliyeitoa, awe ni Mwislamu au siye. Udhuru wa hofu humsitiri mwenye hofu muda wa hofu yake. Akiisha kuwa salama, kweli ni deni lililo juu yake, na deni hulipwa mapema. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.